HAKUPIGWA, LAKINI USINGIZI UMEMKIMBIA: ACHENI KUWACHEKA WANAOKESHA

Kuna mchezo mtandaoni umeshazoeleka mno. Staa anaposti saa tisa usiku, na ndani ya dakika kumi watu wameshapiga skrinishoti, wamezungushia duara jekundu ule muda, na hukumu imeshashuka. "Huyo yuko kwa bwana mpya." "Unga huo." "Anatafuta kiki." "Mwenye akili timamu saa hizi kalala." Kesho yake mchana asipopokea simu, au akichelewa kwenye mahojiano, inashuka hukumu ya pili: mvivu, anaringa, ustaa umempanda kichwani.

Cha kuchekesha ni kwamba huyo aliyepiga skrinishoti saa tisa na dakika mbili, naye alikuwa macho. Yeye hajiulizi kwa nini hajalala.

Mwigizaji mmoja wa kike wa Bongo Movie, jina linahifadhiwa, ameshapitishwa kwenye tanuri hilo karibu mwaka mzima. Tangu ndoa yake ya miaka minne ivunjike, posti zake za usiku zinahesabiwa kama kura. Mara ana mchepuko, mara kachanganyikiwa, mara anamtamani mume aliyemwacha. Katika komenti zote hizo hakuna aliyeuliza swali jepesi kabisa: hivi huyu dada alikuwa analalaje kabla hajaondoka kwenye ile nyumba?

Watu wake wa karibu wanalo jibu. Alikuwa halali.

KESI ZA SAA SABA USIKU

Kwa maelezo yao, mume hakuwahi kumnyanyulia mkono. Hata kibao kimoja. Mke akirudi kutoka lokesheni saa nne usiku, anamkuta bwana kanuna. Salamu haiitikiwi. Chakula hakiguswi. Taa inazimwa watu hawajasemezana, na mke analala akiwa anajiuliza kosa lake la leo ni lipi. Akishapitiwa na usingizi tu, anatikiswa bega: "Amka. Nani huyu kakuwekea moyo kwenye picha?" Simu inakaguliwa, paswedi inabadilishwa, stori za mwaka juzi zinafufuliwa. Anaambiwa hana kipaji, mzigo kwa ndugu zake, na bila yeye angekuwa anauza genge. Kesi inaanza saa saba, inakwenda mpaka adhana ya alfajiri. Saa kumi na mbili gari la lokesheni liko getini. Halafu asubuhi hiyohiyo bwana kageuka mtamu, chai na vitumbua mezani, "unajua nakupenda ndiyo maana nakasirika."

Alipowaeleza mashoga zake, jibu lilikuwa moja: "Sasa shoga, hakupigi, hela anatoa, wewe unataka nini?" Mama yake mdogo naye akamwambia avumilie, ndoa ndivyo zilivyo. Vikao vya kumfunda bibi harusi vinamfundisha kumtunza mume chumbani kuanzia shuka mpaka manukato. Mara ngapi anaambiwa kwamba na yeye ana haki ya kulala usiku?

Wahenga walisema maneno makali hayavunji mfupa. Sawa, hayavunji. Lakini usingizi hauko kwenye mfupa. Uko kwenye ubongo, na ubongo unasikia kila neno.

Ukiiangalia vizuri ile ratiba, huyo mwanaume hakuwa na hasira tu. Hasira ingetoka saa nne mke alipoingia. Kwa nini isubiri mpaka mtu apitiwe na usingizi? Kwa sababu mtu asiyelala hawezi kubishana. Anasahau, analia hovyo, anachanganya tarehe, anashindwa kueleza jambo likaeleweka. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kwa usiku, mpunguzie mpaka 3 kwa wiki kadhaa, halafu mwambie "wewe kichwa chako hakiko sawa, hukumbuki vizuri." Ataamini. Ataamini kwa sababu kweli hakumbuki vizuri. Aliyemharibia kumbukumbu ndiye huyohuyo anayemcheka kwamba hana kumbukumbu.

Sasa wanaomwita mtandaoni "kachanganyikiwa" wanafanya nini tofauti? Wanaendeleza kesi pale bwana alipoishia. Yeye alikuwa mmoja, wao ni maelfu.

"SI AMESHAACHIKA? ALALE BASI"

Hii ndiyo hoja inayopendwa kuliko zote. Mtu kaondoka, ana nyumba yake, ana hela zake, hakuna wa kumwamsha. Kinachomkesha nini tena?

Kinachomkesha ni mwili wake. Kulala ni kukubali kuzima ulinzi: macho yamefungwa, masikio yamelegea, mwili umejiachia. Mwili unakubali kufanya hivyo pale tu unapoamini hakuna hatari. Mfikirie mlinzi wa getini aliyekaa miaka minne kwenye nyumba ambayo mwizi anakuja kila siku saa saba usiku. Mwenye nyumba akihamia mtaa mwingine na mlinzi wake, je, huyo mlinzi atasinzia saa saba? Hasinzii. Ikifika saa ile anasimama, rungu mkononi, hata kama kilichopita ni paka. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka.

Kitaalamu ni hivi. Mtu akihisi hatari, mwili unamwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo unakimbia, misuli inakaza, usingizi unakata. Kwa kawaida kotisoli huwa chini usiku wa kwanza na kupanda kuelekea asubuhi, ndiyo inayosaidia mtu kuamka. Mtu aliyeishi na vitisho kwa muda mrefu, ule mpango wake unaweza kuvurugika, akajikuta usiku wa manane macho makavu kama mchana wa saa sita.

Tena usingizi wenyewe unakwenda kwa mizunguko, kila mmoja karibu dakika 90, na ndoto nzito huwa nyingi zaidi kwenye mizunguko ya karibu na alfajiri. Huko kwenye ndoto ndiko ubongo unakosaidika kupanga kumbukumbu na kupoza maumivu ya mchana. Anayeamshwa usiku kila siku anaikosa kazi hiyo. Anaamka na maumivu ya jana yakiwa mabichi, juu yake yanapandishwa ya leo.

Ndiyo maana athari zake hazina sura moja, na hapa ndipo watu wanapotoa hukumu za kipuuzi. Kuna ambaye usingizi hauji kabisa. Kuna anayelala vizuri saa nne, lakini ikifika saa ileile ya kesi anashtuka kama kengele imelia. Kuna anayeota majinamizi mpaka anaogopa kufumba macho, anaamua bora akeshe na simu, angalau huko kuna watu. Kuna anayelala sebuleni kwenye kochi na TV ikiwa inaongea, wakati chumbani kuna godoro zuri la inchi nane, kwa sababu kwake kitanda kilikuwa mahakama. Na kuna anayelala mchana kutwa. Huyo ndiye anayeitwa mvivu kuliko wote, wakati hesabu yake ni rahisi: mchana kuna mwanga, majirani wapo, watoto wanacheza nje. Mchana hakuna aliyewahi kumwamsha na kumtukana.

Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Huu msemo watu wanaujua tangu shule ya msingi, ila wakifungua Instagram wanausahau.

WANAJESHI WALIJUA, MAHAKAMA IKAJUA

Anayedhani kunyimwa usingizi ni jambo dogo aangalie wanaolijua kama silaha. Mwaka 1971 kule Ireland ya Kaskazini, vikosi vya usalama vya Uingereza viliwakamata wanaume kadhaa, na 14 kati yao wakahojiwa kwa mbinu tano maalumu. Kufunikwa kichwa na mfuko, kusimamishwa ukutani kwa saa nyingi, kupigiwa kelele mfululizo, kunyimwa chakula na maji, na kunyimwa usingizi. Kesi ikafika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 1978 majaji wakasema mbinu zile kwa pamoja ni unyama na udhalilishaji. Hao walikuwa wanaume wazima, na ilikuwa siku chache tu. Hapa anazungumziwa mtu aliyekatizwa usingizi miaka minne, tena na mtu aliyeapa kumpenda.

Na mtu asiseme haya ni mambo ya wazungu. Mwaka huohuo wa 1971 Tanzania ilitunga Sheria ya Ndoa. Ndani yake, ukatili umetajwa kuwa moja ya mambo yanayoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika, na sheria ikasema wazi: wa kiakili au wa kimwili. Wa kiakili umo. Majirani Kenya nao, kwenye sheria yao ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa majumbani, wameutaja ukatili wa kihisia na kisaikolojia. Kwa hiyo ile "si hakupigwa" inayosemwa vikaoni mwaka huu, sheria ya nchi iliipita zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Madaktari nao hawako nyuma. Mwaka 1980 wataalamu wa afya ya akili Marekani waliingiza rasmi kwenye mwongozo wao ugonjwa unaofuata baada ya matukio ya kutisha, na majinamizi pamoja na kukosa usingizi ni miongoni mwa dalili zake. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 imeongeza aina nzito zaidi, ambayo mara nyingi hufuata mambo yaliyojirudia kwa muda mrefu na ambayo mtu hakuweza kuyakimbia kirahisi. Si kila aliyenyanyaswa kwa maneno anaupata ugonjwa huo, na anayepima ni mtaalamu, si watu wa kwenye komenti. Lakini mtu aliyesoma hata hiki kidogo hawezi tena kusema "anajiendekeza."

NA WANAUME WAMO

Wengine wanadhani hizi ni stori za kina dada. Mchekeshaji mmoja anayewavunja mbavu watu kila wiki, jina pia linahifadhiwa, kuna kipindi alikuwa analala kwenye gari, eneo la maegesho. Mkewe alikuwa na tabia ya kumtukana mpaka alie, anamrekodi akilia, kisha anamtishia kuirusha hiyo video. Mwanaume akawa hawezi kulala nyumba moja na simu ile. Picha yake akiwa kalala kwenye usukani ilipovuja, mtandao ulicheka siku tatu. "Kalewa huyo." "Mwanaume gani anafukuzwa kwake?" Hakujibu. Angejibu nini, na watu wameshaamua kwamba mwanaume hanyanyaswi?

Na ustaa ukiuweka pembeni, mambo ni magumu zaidi. Staa akikesha anapoteza wafuasi. Msusi wa Mbagala aliyetoka kwenye uhusiano wa aina hiyo, akishindwa kuamka anafungua saluni saa nne badala ya saa mbili, wateja wa asubuhi wanahamia kwa jirani, na mwisho wa mwezi kodi ya fremu haijatimia. Bodaboda ambaye hajalala usiku tatu anabeba abiria barabara ya Morogoro huku macho yanajifunga. Hao hawana skrinishoti, lakini nao mitaani wana majina yao: mzembe, mlevi, kalogwa.

HOJA YA KIKI

Haya, tuseme ukweli. Wapo wanaotumia maumivu kutafuta kiki. Wapo wanaokesha kwa sababu ya kubeti, muziki na maisha ya usiku. Si kila mwenye macho mekundu kateswa.

Lakini angalia gharama. Ukimhurumia mtu wa kiki, umepoteza nini? Neno moja la "pole". Ukimcheka mtu aliyeumizwa kweli, umemthibitishia kila alichoambiwa saa saba usiku: kwamba hana akili, hafai, na hakuna atakayemwamini. Umemrudisha kwenye kile chumba. Na kuna wengine kimya wanasoma hizo komenti, bado wamo ndani ya ndoa za hivyo, nao wanajifunza kwamba wakiondoka watachekwa. Wanabaki. Kejeli ya mtandaoni inamsaidia mnyanyasaji bila hata yeye kuiomba.

USHAURI MBOVU UNAOTOLEWA KWA UPENDO

Wa kulaumiwa si wenye kejeli peke yao. Wenye mapenzi mema nao wanaharibu. Shoga anakuja na chupa: "Kunywa mbili tatu utalala." Pombe inasinzisha haraka, ni kweli, lakini inaukatakata usingizi wa usiku wa pili, na mtu anaamka alfajiri moyo unadunda kuliko jana. Mwingine anaelekezwa vidonge vya usingizi vya kununua kimyakimya duka la dawa. Vipo vinavyomfanya mtu awe mtumwa wake, na vikichanganywa na pombe vinaweza kuzuia pumzi mtu akalala moja kwa moja. Asubuhi sasa, ili asimame, anakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini inachukua karibu saa 5 kupungua nusu tu mwilini, kwa hiyo ile ya saa kumi na moja jioni inampigia kelele mpaka saa nne usiku na kuendelea.

Kuna wanaosema ni jini mahaba. Anayeombewa na aombewe, anayesomewa dua na asomewe. Hakuna anayemzuia mtu imani yake. Kosa ni kumfungia mtu kwenye dua peke yake miezi sita wakati hospitali ipo.

Kwa sababu tiba ipo. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri kwamba kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu, tiba ya kwanza iwe ya mazungumzo na mafunzo ya tabia, kabla ya vidonge. Mtu anafundishwa kuamka saa moja ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya. Anafundishwa kukitumia kitanda kwa kulala, si kwa kusoma meseji na kuwaza. Usingizi usipokuja kwa kama dakika 20, anatoka kitandani, anakaa sehemu tulivu yenye mwanga hafifu mpaka macho yawe mazito, ili kitanda kiache kuwa uwanja wa vita. Kwa majinamizi, kuna njia ya kuiandika ndoto mchana na kuibadilisha mwisho wake, kisha kuurudiarudia kichwani ule mwisho mpya. Ni kazi ya wiki kadhaa, na inakwenda vizuri zaidi ikiwa na mtaalamu. Hospitali kama Muhimbili zina idara ya afya ya akili, na kuanzia hospitali ya mkoa mtu anaweza kuuliza.

Ila kuna mpangilio ambao lazima uheshimiwe. Yule ambaye bado anaishi na mtesaji, asiambiwe ajifunze kulala vizuri. Mlinzi hafukuzwi kazi wakati mwizi bado yumo ndani ya nyumba. Huyo anahitaji kwanza sehemu salama: ndugu anayeaminika, ofisi ya ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Usingizi unafuata usalama, hautangulii.

KAZI YA WALIOBAKI

Watu wa karibu wana kazi ndogo lakini nzito. Ndugu aache kumwuliza "kwa nini usilale kama wenzako" na badala yake aje alale naye sebuleni wiki ya kwanza, mtu asikie pumzi ya mwenzake kwenye giza. Meneja apange mahojiano saa nane mchana badala ya saa mbili asubuhi, hakuna atakayefilisika. Rafiki anayepata meseji saa tisa usiku ajibu akiweza, na akiwa kalala ajibu asubuhi, bila kuuliza "ulikuwa unafanya nini muda huo?" Hilo swali lilikuwa la bwana. Lisirudiwe na mtu mwingine.

Na mwenye kidole kinachomuwasha kuandika "kalale wewe" chini ya picha ya mtu asiyemjua, ajue anachoandika. Huyo mtu anataka kulala kuliko kitu chochote duniani. Ametafuta usingizi kwenye kochi, kwenye gari, kwenye chupa na kwenye sala. Alinyang'anywa na mtu mmoja, gizani, bila shahidi. Wanaomcheka mchana kweupe hawamsaidii kuupata.

Wadau, uwanja wa maoni uko wazi. Atakayeshusha matusi kwa aliyeumizwa, komenti yake haikai.